Kizibo cha Jemadari

Ilikuwepo nchi moja, na anayedhani ni ya kwake basi hiyo ni shauri yake. Kwenye ramani haikuonekana, kwa sababu wachora ramani wake walikuwa bado wanasubiri ruhusa ya kuitazama. Ilikuwa nchi ya adabu. Adabu yenyewe ilizidi kiasi kwamba wananchi wengi waliijua nchi yao kuanzia magotini kwenda chini.

Mwasisi wa nchi hiyo aliitwa Jemadari. Alikwisha fariki zamani, ingawa serikali ilikuwa bado inalichunguza jambo hilo. Picha yake ilitundikwa kila penye ukuta: ofisini, madukani, kwenye zahanati, kwenye mabucha, hata kwenye mabafu ya hoteli za kitalii. Sheria ilitaka kila apitaye mbele ya picha ashushe macho hadi sakafuni, aseme, "Shikamoo, Jemadari," na asiyainue mpaka amekwisha ondoka. Kumtazama usoni kuliitwa kosa la kukodoa. Wakodoaji walipelekwa Kambi ya Kushusha Macho. Wengine walirudi wakiwa hodari wa kutembea kwa kufuata nyufa za sakafu, na wengine hawakurudi.

Wapiga picha wa magazeti nao walikuwa watu wa adabu, wakishusha macho wanashusha na kamera. Ndiyo maana magazeti ya huko yalijaa picha za viatu. Wasomaji walikwisha zoea, wakawa wanamtambua kila waziri kwa soli yake.

Sasa, picha haina mdomo, na shikamoo isiyoitikiwa inamtia mtu unyonge siku nzima. Serikali ililiona hilo, ikaunda kada ya Waitikiaji. Kila ofisi ya wilaya ilikuwa na Mwitikiaji wake, aliyeketi chini ya picha kwenye kiti chenye mto mwekundu, ameipa picha kisogo na watu uso. Kazi yake ilikuwa kusema, "Marahaba." Sheria ilisema wazi kwamba lolote litokalo kinywani mwa aliyekalia kiti hicho ni la Jemadari mwenyewe. Wilaya ya jirani, Mwitikiaji alipata kupiga chafya kitini. Jioni ile redio ilitangaza kwamba Jemadari ana mafua, na nchi nzima ikaamriwa kunywa tangawizi mpaka apate nafuu. Tangu siku hiyo Waitikiaji walifundishwa kumeza chafya, kikohozi, kwikwi na maoni.

*

Mwitikiaji wa wilaya tunayoisimulia alikuwa Kondo, mume wa Mwavita.

Kabla ya kuteuliwa, Kondo alikuwa mtangazaji wa mechi uwanjani, mwenye sauti nzito iliyofika mpaka sokoni bila msaada wa spika. Lakini Mwavita hakuipendea sauti hiyo matangazo. Alikipenda kicheko. Kicheko cha Kondo kilianza kwa kukorokota kama pikipiki iliyokataa kuwaka, kikakatika, kikakorokota tena, halafu kikawaka chote kwa mara moja, na ukiwa karibu nacho huna hiari, utacheka tu. Kwa kicheko hicho Mwavita alikubali posa bila hata kuuliza mahari.

Serikali nayo iliipenda sauti hiyo. Siku Kondo alipoapishwa aliambiwa kwamba koo lake sasa ni mali ya Jemadari, na mali ya Jemadari haichezewi majumbani. Tangu hapo, nyumbani aliongea kwa kunong'ona. Chumvi aliiomba kwa kidole. Kicheko alikiacha kabisa, kwa maana kicheko hakiwezi kunong'onwa. Miaka ikapita. Mwavita alikuwa na mume hai, mwema, anayerudi nyumbani kila siku saa kumi, na alimkumbuka kama mtu aliyesafiri.

Mwavita mwenyewe alikuwa fundi wa fremu. Picha ya Jemadari iliyoliwa na mchwa haikuruhusiwa kuitwa mbovu. Ilisemwa kwamba Jemadari ameugua, analetwa kutibiwa, na kwa hiyo fundi wa fremu cheo chake kilikuwa Mganga wa Picha. Alikuwa na Kibali cha Kutazama, kilichotumika ndani ya duka lake tu, tena kwa jicho moja moja kwa zamu. Picha iliyopona ilirudishwa ofisini ikiwa imefunikwa kitambaa cha kijani. Isiyopona ilizikwa kwenye Makaburi ya Picha, kwa bendi na hotuba.

Hapo ndipo Mwavita alipokosea. Alizika fremu tupu. Picha zenyewe alizificha chumba cha nyuma, kwa sababu mchwa walikuwa wameacha matundu mazuri mno, na mikono yake haikuweza kutulia ikiona tundu.

Palipoliwa upanga aliweka mwiko. Palipoliwa masharubu alibandika waya wa kusugulia masufuria. Kofia ya kijeshi iliyobaki ukingo tu aliiondoa, akampanga Jemadari rola za nywele za rangi ya waridi, mstari kwa mstari, kama bibi harusi aliyekaa saluni. Kifua kilichokuwa na medali alikishonea vizibo vya soda. Mgongoni alimbebesha mwanasesere wa matambara kwa kipande cha kanga kuukuu, na mtoto yule akawa anachungulia begani, ametoa ulimi. Jemadari, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa amewakunjia watu uso, sasa alionekana amekunja uso kama mtu anayeogopa ugali utaungua.

Mwavita alicheka peke yake, ameziba mdomo kwa mtandio. Ukweli ni kwamba picha zile hazikuwa za kumtukana mtu. Zilikuwa za Kondo. Kila aliyoimaliza alimwita mumewe aje aione, na kila mara Kondo alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, amegeuzia uso ukutani.

"Nisichokiona siwezi kuulizwa," alinong'ona.

"Angalia moja tu, mume wangu. Moja."

"Unamkumbuka Mzee Ubwa?"

Mwavita alimkumbuka. Mzee Ubwa ndiye aliyemfundisha kazi. Alichukuliwa na gari la kijivu kwa sababu mtu alimsikia akiguna mbele ya picha. Mpaka leo mkewe akienda kuuliza anaambiwa kwamba faili la mumewe ni safi na linatunzwa vizuri.

*

Siku ya Marahaba ni sikukuu kubwa ya nchi hiyo. Mwaka ule Waziri wa Heshima ya Picha, Mheshimiwa Dakta Bwenzi, aliamua kuisherehekea wilayani, na redio ya taifa ingerusha kila kitu moja kwa moja. Ofisi ya Wilaya ikafagiwa, ikapakwa rangi kuanzia magotini kwenda chini. Jemadari wa ofisi hiyo alikuwa mgonjwa wa mchwa wa pembeni, Mwavita alikwisha mtibu, na wiki iliyotangulia tarishi wa wilaya, mzee Ngwali, alikuja kumchukua.

Asubuhi ya sikukuu Kondo alivaa sare, akanywa maji ya vuguvugu na asali kwa ajili ya koo, akaondoka. Mwavita aliingia chumba cha nyuma. Ile picha ya rola ilikuwa na kizibo kimoja kilicholegea kifuani, na alitaka kukikaza kabla hajajiandaa. Aliivua kitambaa cha kijani.

Jemadari alimkazia macho. Mwenye kofia. Mwenye upanga. Mwenye masharubu ya nywele na medali zake zote.

Mwavita aliketi sakafuni.

Aliikumbuka siku ile vizuri. Alikuwa ameziegemeza picha mbili barazani gundi ikauke kwa upepo, mgonjwa wa wilaya na wa kwake, zote zimefunikwa kijani, zote kimo kimoja. Mvua ikaanza kudondoka naye yuko jikoni anakoroga gundi ya ngano. Alipotoka mbio alimkuta Ngwali amekwisha chukua furushi na kuondoka. Yeye akakumbatia lililobaki akalikimbiza ndani bila kulifungua. Ngwali naye alitundika kama sheria inavyotaka, macho yake yakiwa kwenye vidole vyake vya miguu.

Kwa hiyo wiki nzima Jemadari wa rola na mwanasesere alikuwa ananing'inia katikati ya Ofisi ya Wilaya. Wiki nzima watu walikuwa wamempangia foleni kumwamkia. Na wiki nzima Kondo alikuwa ameketi chini yake akisema, "Marahaba." Hakuna aliyeona, maana hakuna aliyetazama.

Jambo hilo lingemchekesha sana Mwavita, kama si sheria. Sheria ilisema Mwitikiaji ndiye mlinzi wa picha, na lolote likiipata, wa kwanza kuingia gari la kijivu ni yeye. Mwavita aliinuka. Akamfunga Jemadari halisi kwenye kitambaa chake, akamweka kichwani, akatoka bila hata kufunga duka.

*

Mlangoni mwa Ofisi ya Wilaya alisimama Mkuu wa Wilaya mwenyewe, Bi Kashinde, akikagua viatu vya wanaoingia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, Mganga. Hilo furushi la nini tena?"

"Ni... ni Jemadari wa akiba. Nahofia yule wa ndani hajapona sawasawa. Naomba nimshushe kidogo tu, nimpandishe huyu."

Bi Kashinde alivuta pumzi. "Mwavita mwanangu, unajua leo ni siku gani? Leo Jemadari hana ruhusa ya kuugua."

"Ni dakika mbili, Bi Mkubwa."

"Kumshusha Jemadari lazima bendi ipige, na bendi iko njia panda inamsubiri Mheshimiwa. Halafu nitaandika sababu gani? Umeona kasoro?"

Mwavita alipima majibu mawili. Kibali chake kilikuwa cha dukani. Akisema ameona kasoro, amekodoa nje ya duka. Akisema alijua tangu dukani, basi aliyeivalisha picha rola ni yeye.

"Sijaona kitu, Bi Mkubwa."

"Umeona eeh? Hata mimi sijaona. Hapa ofisini hakuna hata mmoja aliyeona. Basi yuko salama." Bi Kashinde alitabasamu, akampigapiga begani. "Weka furushi lako pale kwenye ndoo za ufagio, upange foleni. Mheshimiwa anataka akute foleni ndefu."

Foleni ilikuwa ndefu kweli. Watu walikuwa wameanza kupangwa tangu alfajiri, na waliokwisha amkia walirudishwa mwisho waamkie upya. Mwavita alisogea hatua kwa hatua, macho sakafuni kama wenzake. Kila mara alisikia sauti ya mumewe ikikaribia: Marahaba. Marahaba. Marahaba. Nzito, tulivu, sauti ya mtu asiyejua kinachoning'inia juu ya kichwa chake.

Alipobakiza watu wawili, alifanya kosa la kukodoa. Aliinua macho.

Ngwali alimtundika Jemadari juu kidogo, tena akiwa amepinda kidogo, kwa hiyo alionekana kama amemgeukia mtoto amwambie atulie. Mwanga wa dirishani ulizimulika rola, zikang'aa. Na kile kizibo kilicholegea kilikuwa kimebakiwa na uzi mmoja.

Zamu yake ikafika. Nyuma yake watu, pembeni askari. Aliviona viatu vya Kondo, alivyomng'arishia mwenyewe asubuhi.

"Shikamoo, Jemadari," alisema. "Nisamehe kwa nguo ulizovaa leo. Nilizishona mimi. Zilikuwa za chumba cha nyuma, nao wakazichukua kwa bahati mbaya."

Watu wa nyuma walitikisa vichwa kwa kuridhika, wakimwona mama huyu ana mapenzi ya dhati kwa Jemadari.

Viatu vya Kondo vilitulia kabisa. Halafu kimoja kikaanza kutetemeka.

"Mara... haba," alisema Kondo.

Askari akamsukuma Mwavita kando. Nje, bendi ikaanza kupiga.

*

Mheshimiwa Dakta Bwenzi aliingia kwa viatu vyeusi vya ncha, vinavyong'aa kiasi kwamba waliokuwa karibu waliweza kujiona ndani yake. Nyuma yake walifuata viatu vya wasaidizi, viatu vya mtu wa redio na viatu vya wapiga picha, wakibofya kamera zao kuelekea sakafuni.

"Shikamoo, Jemadari!" alinguruma Mheshimiwa.

"Marahaba."

Ndipo ikaanza hotuba. Mheshimiwa alieleza kwamba nchi zilizoendelea zimeharibikiwa kwa sababu ya kutazama. Mtu akitazama, anaona. Akiona, anauliza. Akiuliza, anataka kujibiwa, na serikali ina kazi nyingi. Alisema wizara yake imefanya utafiti wa kina kuhusu shingo, ikagundua kwamba shingo ya mwananchi iliumbwa kwa ajili ya kuinama. Alitangaza mpango wa kuwapatia watoto wa shule kola ngumu za kushikilia kidevu. Watu walipiga makofi. Mwavita alipiga makofi pia, na katika kila kishindo cha makofi alikuwa akiomba kwamba uzi ule ushikilie.

"Na sasa," alisema Mheshimiwa, "tumpe Jemadari kimya cha heshima."

Ukumbi ukanyamaza. Hata mtoto mmoja aliyekuwa na kikohozi alizibwa mdomo.

Ting.

Kitu kilidondoka sakafuni. Kikazunguka kwa ukingo wake, kikabiringika taratibu katikati ya ukumbi, kikapita mbele ya viatu vya Bi Kashinde, kikagonga ncha ya kiatu cha Mheshimiwa, kikalala chali. Kwa kuwa ukumbi mzima ulikuwa unatazama sakafu, ukumbi mzima ulikiona. Kilikuwa kizibo cha soda, cha ladha ya chungwa.

Mheshimiwa aliinama akakiokota. Alikigeuza. Nyuma kilikuwa na uzi. Na bila kufikiri, kwa desturi ya mwanadamu yeyote aliyedondoshewa kitu, aliinua macho kuangalia kimetoka wapi.

Mwavita aliyaona yale macho. Yalipanda kutoka kwenye kiti, yakafika kwenye mwiko, yakapita kifuani, yakakwama kwenye ulimi wa mwanasesere, yakafika kwenye rola, yakamtoka pima. Rangi ya uso wa Mheshimiwa ilibadilika. Midomo yake ilitengeneza neno, neno likakataa kutoka.

Lingetokaje? Akipiga kelele kwamba Jemadari amevalishwa rola, redio itaipelekea nchi nzima habari kwamba Waziri wa Heshima ya Picha amemkodolea macho Jemadari, Siku ya Marahaba, hewani. Akinyamaza, na kesho mtu mwingine akaona, atakuwa ameficha. Mheshimiwa hakuupata uwaziri kwa ujinga. Aliyashusha macho haraka, akakohoa, akatafuta mtu wa kumtwisha.

"Mwitikiaji," alisema polepole. "Nina wasiwasi picha haiko sawa. Geuka. Inua macho. Utuambie unaona nini."

Kila mtu ukumbini aliuelewa mtego huo. Kondo akigeuka akatazama, ni mkodoaji. Akitazama akasema, amejishitaki. Akitazama akanyamaza, ameficha. Akikataa kutazama, amemgomea waziri. Nje, mbele ya mlango uliokuwa wazi, gari la kijivu liliwashwa, likaunguruma palepale lilipo.

Mwavita alijikuta amekwisha toka kwenye mstari. Hakuwa na mpango wowote, alikuwa na hofu tu na mumewe pale mbele. "Mheshimiwa," alisema, "naomba niseme. Hiyo picha ni..."

"Marahaba, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya Kondo, lakini si ile ya foleni. Ilikuwa sauti ya uwanjani. Iligonga ukuta wa nyuma ikarudi. Na hakukuwa na mtu aliyetoa shikamoo.

"Mwitikiaji!" alifoka msaidizi mmoja. "Wewe kazi yako ni..."

"Nani anamkatiza Jemadari?" iliuliza sauti kutoka kitini.

Msaidizi akayatazama magoti yake. Mtu wa redio, ambaye kwa miaka yote alikuwa ametangaza neno moja tu la Jemadari, alisogeza kipaza sauti karibu na kiti kwa mikono miwili.

"Bwenzi," ilisema sauti.

"Labeka, Jemadari," alisema Mheshimiwa. Lilimponyoka tu.

"Umesema siko sawa. Nani kakwambia?"

"Hakuna, Jemadari! Hakuna mtu."

"Basi umejuaje? Au umenitazama?"

"Mimi?" Goti moja la Mheshimiwa liligusa sakafu. "Mimi nithubutu? Tangu nizaliwe, Jemadari, mimi nakujua kwa kusikia tu!"

"Na hicho mkononi ni cha nani?"

Mheshimiwa alikitazama kizibo cha soda. Kijasho kilimdondoka kwenye viatu vyake vya kung'aa. "Ni... ni medali yako, Jemadari."

"Nirudishie."

Mheshimiwa Dakta Bwenzi alitembea kwa magoti mpaka kwenye kiti chenye mto mwekundu, akatoa kizibo kile cha soda ya chungwa kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Kondo alikipokea. Mwavita, ambaye sasa alikuwa anatazama waziwazi, aliona mumewe amekikamata kizibo kwa ngumi kama mtu anayeogopa kukidondosha. Sauti tu ndiyo iliyokuwa haiogopi.

"Je, Jemadari ana agizo lingine?" aliuliza Mheshimiwa akiwa bado chini.

Kondo akamtazama mkewe, aliyesimama peke yake katikati ya ukumbi. Mwavita akatikisa kichwa kumwambia inatosha, akae kimya sasa, amekwisha ponea chupuchupu.

"Ninalo," alisema Kondo. "Nataka kujiona."

Mkuu wa Wilaya alimtazama mwanasheria wa wilaya, yaani vilitazamana viatu vyao. Hakuna kifungu kilichomkataza Jemadari kujitazama. Hakuna aliyepata kuwaza kwamba angetaka.

Kondo akageuka kwenye kiti chake, akainua macho.

Alizitazama rola. Aliyatazama masharubu ya waya. Aliutazama mwiko, na vizibo, na pengo la kizibo alichokishika, na yule mtoto begani mwenye ulimi nje, aliyefungwa kwa kipande cha kanga aliyomnunulia mkewe mwaka waliooana. Mwavita hakuuona uso wake. Aliona kisogo tu, na mabega. Mabega yalitikisika mara moja. Akadhani analia.

Kisha akasikia kukorokota.

Kulikatika. Kukakorokota tena. Mwavita alijishika mdomo kwa mikono yote miwili. Na hapo kikawaka. Kicheko cha Kondo kilijaza Ofisi ya Wilaya, kikatoka madirishani, kikaingia kwenye kipaza sauti na kusambaa nchi nzima, kwenye mabucha na zahanati na mabafu ya hoteli za kitalii. Kwa mujibu wa sheria, aliyekuwa anacheka ni Jemadari.

Ukumbi ulijikaza kwa muda. Kisha mwanamke mmoja nyuma alitoa mguno wa puani, jirani yake akamfuata, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema nani alianza.

"Wananchi," alisema Mheshimiwa kwenye kipaza sauti, akipapasa kutafuta mlango kwa ncha ya kiatu, "Jemadari... amefurahi. Sherehe imekwisha."

*

Jioni hawakula. Kondo aliketi jikoni, Mwavita akaketi mbele yake, na mlango wakauacha bila komeo, kwa kuwa komeo lingevunjwa tu. Kizibo kilikuwa juu ya meza. Kila gari lililopita, waliangaliana.

"Ungenyamaza," alisema Mwavita. "Ulikwisha okoka. Ukageuka wa nini?"

Kondo alinong'ona, kwa mazoea, "Uliniita mara nyingi mno."

Mwavita alilia basi, machozi ya hofu na ya mambo mengine yaliyokuwa yamesubiri kwa miaka. Kondo alimshika mkono. Usingizi uliwachukua hivyohivyo, mezani.

Asubuhi walilikuta gazeti limesukumwa chini ya mlango. Kichwa cha habari kilisema kwa herufi kubwa: JEMADARI AFURAHI. Chini yake palisemwa kwamba wizara inaandaa mwongozo wa namna sahihi ya kufurahi, na kwamba wananchi waendelee kuwa na huzuni ya kawaida mpaka utakapotoka. Picha ilikuwa ya viatu, kama siku zote. Malapa, raba, makubadhi, buti za askari, ukumbi mzima.

Mwavita alitaka kuligeuza, akasita. Akalisogeza dirishani.

"Kondo. Hebu angalia visigino."

Visigino vyote vilikuwa hewani. Vya wazee, vya akina mama, vya mtu wa redio. Vya Bi Kashinde. Hata buti za askari zilisimama kwa ncha. Jozi moja tu, nyeusi, ya kung'aa, ndiyo iliyokanyaga chini, nayo ilikuwa imeelekea mlangoni. Wengine wote walikuwa wamechuchumia ili waone vizuri.

Kondo alilitazama gazeti. Mabega yakamtikisika. Akaziba mdomo kwa kiganja kama alivyofundishwa, halafu akakiondoa kiganja, akakiweka mezani kando ya kizibo. Kikakorokota, kikakatika, kikakorokota, kikawaka, jikoni kwake mwenyewe, bila kiti wala mto mwekundu wala sheria ya kumsingizia Jemadari.

Barabarani gari la kijivu lilikuwa linapita. Lilipofika usawa wa dirisha likapunguza mwendo. Kondo hakupunguza sauti.